Pipa la Udongo Wenye Nyufa

Nimechoka kuulizwa. Mtu akipita hapa mlangoni, hata kama amekuja kuazima chekecheo tu, lazima aanze: "Mama, hebu tuhadithie habari ya binti yako na lile pipa la udongo." Kwani binti yangu ni bubu? Muulizeni mwenyewe. Lakini yeye akiulizwa anacheka kidogo, anasema kazi ni kazi tu, anaondoka zake. Basi mzigo unaniangukia mimi, na mimi na kalamu hatukukaa darasa moja muda mrefu. Haya. Nitaandika mara moja, msome, mniache nipumue. Nami humu ndani nitajiita mama yake, maana hadithi ni ya kwake, na sipendi mtu anayejisimulia mwenyewe kana kwamba kuna aliyemwita.

Kazini kwake wanamwita Mkataji. Kazi yake ni kukata udongo, wala si udongo wa kulima au wa kufinyanga. Anaingia ndani ya shimo refu kuliko kimo cha mtu, anachagua mahali kwenye ukuta wa shimo, anachonga kwa kisu polepole mpaka kinasimama kipande kizima, unene wa pipa, hakijapasuliwa wala kubanwa. Kipande kile kinavishwa bomba kubwa la plastiki. Nafasi inayobaki kati ya udongo na bomba inajazwa nta ya moto, ikipoa inashika pande zote. Kisha wanakibeba kama mgonjwa mpaka maabara. Juu wanamimina maji, chini wanakinga chupa. Wanataka kujua maji yanapita au hayapiti, na kama yanapita, ni kwa njia ipi na kwa haraka gani.

Udongo wenyewe si wa juzi. Zamani za kale, kabla hajazaliwa mtu wa kuona, nchi ile ilifunikwa na barafu nzito kama mlima. Barafu ilikuwa inatambaa, inasaga mawe chini yake kama mtu anavyosaga mtama, na ilipoyeyuka iliacha unga wake na kokoto zake zimeshindiliwa pamoja. Ndio udongo walio nao pale. Wa kijivu, mgumu, umejaa mawe ya kila rangi yaliyoletwa kutoka mbali. Ukiupiga jembe, jembe linakurudia usoni. Watu wote waliambiwa kwamba udongo ule ni kama chungu kilichochomwa vizuri, maji hayapenyi.

Ndiyo maana kiwanda cha ngozi kiliruhusiwa kuchimba bwawa la maji yake machafu pale mwinukoni. Na chini ya mwinuko, ng'ambo ya barabara, ipo nyumba ya mama yake Mkataji, na uani kuna kisima.

Kisima kile alikichimba marehemu baba wa Mkataji kwa mikono yake na sululu mbili, moja ikavunjika. Maji yake baridi, hayana ladha ya kitu chochote. Bomba lilipofika mtaani, majirani wote waliunganishiwa. Mama yake alikataa. Alisema maji ya bomba yananuka dawa kama wodi, na yeye si mgonjwa.

Sasa nifike pale panapouma. Aliyeupima udongo ule mara ya kwanza, kabla bwawa halijachimbwa, ni Mkataji mwenyewe, akiwa bado mgeni kazini. Alipima kama alivyofundishwa. Alichukua vipande vidogo, kila kimoja cha kujaa kikombe cha chai, akavibana ndani ya vikombe vya chuma, akaweka maji juu. Maji yakakaa pale pale kama yamesahauliwa. Akasema hayapiti, na hakudanganya, kila kikombe kilisema kweli. Lakini udongo ule una nyufa nyembamba kama unywele, tena zimeachana mbali. Kikombe kidogo kinaangukia katikati ya ufa na ufa, hakigusi hata mmoja. Ni sawa na mtu aangalie uzi mmoja wa chandarua, uzi mzima kabisa, halafu aseme hapa mbu hapiti.

Hili hakuna aliyelijua pale kazini mpaka alipokuja mkuu mpya. Wanamwita Daktari, na si daktari wa sindano, ni wa mawe. Mwanamke mfupi, haongei sana, viatu vyake vina matope mwaka mzima. Huyo ndiye aliyesema vikombe havitoshi, lichimbwe shimo karibu na bwawa, likatwe pipa zima.

Shimo likachimbwa. Mkataji akashuka kwa ngazi. Mashine ya kuchimbia inapopita huwa inapaka udongo kama mwiko unavyopaka plasta, kila ufa unazibwa, ukuta unang'aa kama umepigwa pasi. Kwa hiyo lazima ukuta ubanduliwe kwa ncha ya kisu, kidogo kidogo, mpaka uso wake wa kweli utoke. Akabandua. Chini ya ile plasta akaona mstari wa kutu, mwekundu katikati, mweupe kandokando, umeshuka wima kutoka juu mpaka miguuni pake. Pembeni kidogo mwingine. Na ndani ya mmoja wao ulikuwemo mzizi, mwembamba kama uzi wa kushonea, mahali ambapo mzizi wa mti wowote hauna sababu ya kufika.

Akaacha kubandua.

Daktari aliinama kutoka juu. "Unaona nini?"

"Kutu, Daktari."

"Kutu inakwambia nini?"

"Hewa imefika huku. Au maji."

"Au vyote viwili. Usinipe jibu la mdomo. Kata."

Akakata. Siku hiyo alikata kama mtu anayenyoa mtoto aliyelala. Alikuwa anajua kabisa anachokitaka. Anataka nyufa zile ziishie hapo, ziwe za juu juu tu, udongo wa chini uwe mzima, vikombe vyake viwe vilisema kweli. Maana kama si hivyo, basi maji ya ngozi, na chumvi yake, na dawa zake, yamekuwa yakishuka miaka yote hii kwenye miteremko midogo asiyoiona mtu, kuelekea uani kwa mama yake. Na ruhusa ilitoka kwa neno lake yeye.

Wa kumimina nta ni jamaa mmoja mrefu, mwembamba, mweupe wa nguo, basi wakambatiza Mshumaa. Naye kalipenda jina. Anajisifu kwamba nta yake haijawahi kuvuja tangu mama yake amzae. Akamimina, ikapoa, wakabeba.

Maabara, pipa lilisimamishwa kwenye meza ya chuma kandokando ya dirisha. Walilinywesha maji safi kwanza, taratibu, mpaka likashiba. Halafu asubuhi moja wakaweka juu yake maji yenye rangi ya kijani, ile rangi kali ambayo tone moja linatosha kuharibu beseni zima. Kama udongo ni mzima, rangi ile ingekaa humo ndani mpaka watu wasahau. Daktari alimwambia Mkataji aende zake akafanye kazi nyingine.

Hakwenda. Alizunguka meza ile kama mama ambaye mtoto wake wa kwanza ana homa. Anafuta vumbi pasipo na vumbi. Anachungulia chupa. Anakwenda mlangoni, anarudi.

Hata wakati wa chakula cha mchana haujafika, maji ya ile chupa ya chini yakawa na rangi ya majani.

"Mshumaa!" aliita. "Nta yako imevuja."

Mshumaa akaja mbio, mkate mkononi. Akaangalia chupa. Akaangalia pipa. "Nta yangu? Dada, nta yangu haivuji hata ukiibembeleza."

"Rangi imepita pembeni. Kati ya nta na udongo. Haiwezi kupita katikati haraka hivi."

"Haiwezi nani kasema? Wewe na vikombe vyako vya chai?"

Hakukusudia ubaya. Lakini neno lile lilimwingia Mkataji kama msumari, na alilijibu kwa hasira ambayo hata yeye aliishangaa. "Ulikuwa unamimina huku unapiga soga. Nilikuona! Nta ilipoa upande mmoja kabla ya mwingine."

"Mimi? Napiga soga kwa mdomo, simimini kwa mdomo! Na kama wewe umekata ukuta wenye mabonde, nta ishike wapi? Nishikilie na vidole?"

"Ukuta wangu hauna mabonde."

"Basi na nta yangu haina tundu. Sasa tufanyeje, tuilaumu meza?"

Daktari akaingia katikati yao, akatazama ile chupa, akakaa kwenye kiti. Alisema mambo mawili tu yanawezekana. Ama rangi imeteleza pembeni, na hapo kazi yote ni bure, tukakate pipa jingine. Ama imepita kwenye nyufa, na hapo kazi ni nzuri sana na habari ni mbaya sana. Njia ya kujua ni moja, pipa lifunguliwe, likatwe vipande toka juu mpaka chini. Lakini kwanza liachwe lichuruzike, mpaka kesho.

Hebu mwone mtu huyu sasa. Mtu ambaye tangu utotoni akishona tundu la soksi hata uigeuze ndani nje huoni mshono, leo anaomba Mungu kazi yake iwe mbovu. Anaomba ukuta alioukata uwe na mabonde. Anaomba akosolewe mbele ya watu wote.

Alipotoka kazini hakwenda kwake. Alipitia dukani akanunua chupa za maji, kubwa zile, akazibeba mpaka kwa mama yake. Jua lilikuwa bado liko juu. Mama yake alikuwa uani anachambua mchele.

"Hizo chupa za nini?"

"Za kunywa tu, mama."

"Kuna harusi?"

"Hamna harusi."

"Basi kuna mgonjwa." Mama yake aliendelea kuchambua. "Maji ya kununua ni ya wagonjwa na watu wa ofisini. Mimi sipo kote kote."

Mkataji alikaa kwenye kigoda. Mama yake akainuka, akateka maji kisimani, akamletea kwenye kikombe kama alivyomletea siku zote, bila kumwuliza kama ana kiu, maana mtoto wako akifika kwako ana kiu, huo ndio utaratibu. Mkataji alikipokea. Akakishika. Maji yalikuwa meupe pe. Akayanusa kwa siri, akijifanya anakuna pua.

"Tangu lini unanusa maji ya baba yako?"

"Sinusi, mama."

"Una mafua?"

"Ndiyo. Mafua kidogo."

Aliweka kikombe chini. Hakukinywa. Na hakusema. Angesema nini? Kwamba labda? Kwamba pengine ni nta? Kumtisha mtu mzima kwa jambo ambalo kesho litaonekana ni uzembe wa Mshumaa? Na angelinyamazia vipi, iwapo jioni ile ile mama yake atapika uji na maji yale, na asubuhi chai? Akainuka akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Akaongea habari za bei ya mkaa. Alipoondoka, mama yake alimwita nyuma: "Chukua chupa zako!" Akajifanya hakusikia.

Usingizi usiulize.

Kesho yake walifunga mapazia, chumba kikawa giza, wakawasha ile taa yao ya zambarau. Chini ya taa ile rangi ya kijani inawaka kama jicho la paka. Wakafungua bomba, wakabandua nta. Mkataji akashika waya wa kukatia, uzi wa chuma wenye vishikio viwili kama wa kukatia sabuni, akakata kipande cha juu, unene wa mkate. Wakakiinua, wakakilaza.

Kilikuwa kinawaka kwenye ukingo. Duara zima, pete ya kijani imezunguka pembeni, pale pale udongo ulipogusana na nta.

"Umeona!" Mkataji alipiga kelele. Alicheka. Alimshika Mshumaa bega akamtikisa. "Umeona? Pembeni! Imepita pembeni!" Machozi yakamtoka kwa furaha, tena hakuona haya.

Mshumaa alinyong'onyea. Mrefu vile, ungedhani amefupika. "Haiwezekani," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimimina vizuri mimi."

"Itakuwaje isiwezekane na unaiona?"

"Kata kingine," alisema Daktari.

Akakata kingine, haraka sasa, mikono myepesi. Wakakilaza kando ya kile cha kwanza. Pete ilikuwepo, lakini imefifia, kama kikombe kilipowekwa mezani kikaacha alama. Na katikati ya udongo, mbali na ukingo, kulikuwa na mistari miwili. Imekatizana.

Daktari akasogeza taa karibu.

Akakata cha tatu. Pete haikuwepo kabisa. Ukingo mweusi, safi, nta ya Mshumaa imeshika kama ngozi. Rangi ilikuwa imekaa juu, ikaingia pembeni kina cha kidole, ikakwama hapo. Lakini mistari ya katikati ilikuwepo, inawaka, imenyooka. Akakata kingine. Ipo. Na kingine. Mkono wake ulikuwa umeanza kuwa mzito, waya unakwama kwenye kokoto, anauzungusha, anaendelea. Kila kipande alichokilaza kilikuwa giza tupu, udongo mzima, mgumu, ule ule wa vikombe vyake, isipokuwa ile mistari, myembamba kuliko uzi. Mpaka cha mwisho kabisa. Pale chini mistari ilitokea upande wa pili, na hapo ndipo rangi ilipodondokea chupani.

Mshumaa alikuwa ameshinda, lakini hakujisifu. Alimletea Mkataji kiti. "Kaa, dada," alisema.

"Mama yangu anakunywa maji pale," Mkataji alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumwambia mtu. "Chini ya bwawa. Kisima kipo uani."

Daktari alizima taa, akafungua pazia. "Sikiliza," alisema. "Pipa hili linatuambia njia ipo. Halituambii nani ameshapita. Kachukue maji ya kisima leo hii, tuyapime. Lakini mama asiyanywe wakati tunangoja. Utaweza?"

"Daktari, humjui mama yangu."

"Basi nenda sasa hivi."

Alikwenda. Alifika mama yake yuko jikoni, birika liko motoni, chupa za dukani ziko vile vile mlangoni kama wageni wasiokaribishwa. Akazima moto. Hakusalimu hata.

"We mtoto, umeingiwa na nini?"

Akasema yote. Alieleza barafu, alieleza nyufa, alieleza vikombe, kwamba ni yeye aliyesema hayapiti. Alieleza vibaya, maneno yanagongana, habari ya chandarua inaingia kwenye habari ya nta. Mama yake alimsikiliza, mikono kiunoni.

"Kisima hiki kimekulea," alisema mama yake.

"Najua, mama."

"Baba yako alikichimba."

"Najua."

"Na mimi niko hapa nimesimama. Nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Ukiyaona hayo maji ya kijani kwenye ndoo yangu, uniite. Sasa niwashie moto wangu."

Mama yake alitarajia kupigiwa kelele. Hakupiga kelele mtoto yule. Alichukua kikombe pale mezani, akachota kwenye ndoo kikombe kizima, akasema, "Haya. Ukinywa, nakunywa na mimi. Kila siku nitakuja kunywa na wewe. Kama maji ni mazuri, mazuri kwetu wote." Na akakipeleka mdomoni. Mkono ulikuwa unamtetemeka hata maji yanamwagikia kifuani, meno yanagonga kikombe.

Mtu anayeamini maji hatetemeki hivyo. Udongo na barafu mama yake hakuvielewa, na mpaka leo, niseme kweli, ile barafu ya kutambaa simwamini mtu. Lakini mkono wa mtoto aliyemzaa anaujua. Akampokonya kile kikombe, akakimwaga uani.

"Pumbavu," alisema. "Unataka kuniulia mtoto?"

Kisha akatoka, akavuta bati kutoka nyuma ya choo, akalilaza juu ya kisima, na juu ya bati akaweka jiwe, na jiwe jingine. Hakusubiri majibu ya Daktari. Hakumwambia mtu. Jirani alipouliza, aliambiwa ashughulike na nyumba yake.

Majibu yalikuja. Chumvi ya kiwanda imo kisimani. Kidogo, wanasema, lakini imo. Kama inazidi au inapungua hawajui bado, wanaendelea kuchota na kupima, na kila wakichota Mkataji hali vizuri. Watu wa kiwanda wamesimama kidete kwamba vile vikombe vya zamani vilipimwa kihalali. Kwa hiyo ataitwa mbele ya kamati inayochunguza habari ya bwawa, na atasimama kusema kwamba vikombe vilikuwa vyake, na kwamba vilikuwa vidogo mno. Tarehe haijatoka. Anafanya mazoezi ya kusema huku anaosha vyombo, nikiingia ananyamaza.

Hiyo ndiyo hadithi yake. Na mimi bomba sijaunganishiwa, zamu haijanifikia, kwa sababu nilipoitwa wakati ule nilikataa kwa mdomo wangu. Nachota kwa jirani, yule yule niliyemwambia ashughulike na nyumba yake, na kila ndoo ninayobeba ananiangalia. Basi wewe uliyekaa ukasoma mpaka hapa, umestarehe, umepata ulichokitaka. Ukija tena kwangu usije mikono mitupu. Njoo na dumu la maji, limejaa mpaka shingoni, ulibebe mwenyewe mpaka jikoni. Na ukifika usiniulize chochote.